Pete Iliyotufundisha Heshima ya Kazi ya Mikono

Kila sifa njema inamstahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanaadamu yale asiyoyajua na akamteremshia chuma chenye nguvu na manufaa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu msomaji, leo tunataka kuzungumzia jambo lililotokea kwetu Chonyonyo, wilayani Karagwe, ambalo sisi wenyewe tulihusika nalo na tukakosea. Wahusika wametupa idhini ya kuliandika bila ya kutaja majina yao. Tunaliandika si kwa kupenda kujisema, bali kwa kuwa kosa lililofanywa mbele ya watu halitubiwi pembeni.

Mwaka 2024 kijana mmoja mwenye dini na adabu alileta posa katika nyumba ya ndugu yetu wa msikitini. Kijana huyo ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya vyuma pale Omurushaka. Baba wa binti alitujia baada ya swala ya Alasiri, akiwa na wazee wengine wanne, kutaka ushauri. Hakuwa na la kumlaumu kijana. Alikiri kwamba anaswali jamaa, hana ulevi, na anamtunza mama yake mjane. Alichokisema ni kwamba binti yake amesoma mpaka chuo, na moyo haumpi kumwoza kwa mtu anayerudi nyumbani jioni amejaa masizi, na mikono imebabuka kwa cheche.

Tulitakiwa tuseme neno la haki. Badala yake tulitazama uso wa yule mzee, tukasema: "Subirini kidogo. Huenda kijana akapata kazi ya maana."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Posa ikarudishwa kwa heshima, na kijana akaipokea habari kwa utulivu. Nasi tukaendelea na darsa zetu, tukifundisha watoto kuhusu uchumi wa halali, wala hatukuhisi kwamba tumedhulumu mtu.

Safari ya Lamu

Katika mwezi wa Mfunguo Sita mwaka huohuo Allah alitujaalia kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi. Ni safari ndefu kwa mtu wa Karagwe. Tulipanda basi Kayanga, tukavuka nchi nzima kuelekea pwani, tukaingia Kenya kwa mpaka wa Horohoro, tukapita Mombasa, hata tukafika Mokowe na kuvuka kwa boti. Lamu ni mji wa kale wa Waislamu, ambao shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na adhana za misikiti yake hupokezana juu ya mapaa.

Mkobani tulikuwa na bangili ya fedha ya marehemu mama yetu, ambayo ndugu zetu waliridhia tubaki nayo baada ya mirathi kugawanywa. Ilikuwa imekatika. Miaka ya nyuma tuliipeleka kwa fundi wa redio sokoni, akaiunga kwa lihamu yake ya redio, lakini ikakatika tena palepale. Mwenyeji wetu alituelekeza kwa sonara mmoja, mtu mzima, mwenye duka dogo katika kichochoro. Lamu ina sifa ya masonara wanaofua pete za fedha na kupachika ndani yake vigae vya sahani na mabakuli ya kale ya Kichina, yaliyofika pwani yetu kwa majahazi karne nyingi zilizopita. Kigae ambacho mwingine angekikanyaga, wao hukisugua, hukikata, na kukifanya kito.

Tulimkuta mzee huyo akiwafundisha wageni wawili kutoka Ulaya. Tukaambiwa kwamba siku hizi wasafiri hupenda kukaa na fundi kwa nusu siku, wakalipa ada, wakatengeneza pete kwa mikono yao wenyewe. Mzee akaitazama bangili yetu, akatutazama sisi na kanzu yetu, kisha akasema: "Shekhe, mimi naweza kukuungia. Lakini ukitaka kuijua fedha, kaa uifue mwenyewe."

Tuliona haya kidogo, kwani umri wetu umepita hamsini, na mahali petu pa mazoea ni kwenye mkeka wa kufundishia, si wa kufundishwa. Hata hivyo tulikunja mikono ya kanzu, tukakaa.

Mafunzo ya moto na nyundo

Jambo la kwanza alilotufundisha mzee lilikuwa kukataa. Alikataa kuiyeyusha bangili yetu ilivyokuwa. Alituonyesha pale ilipoungwa na fundi wa redio, akasema kwamba lihamu ile ni bati na risasi. Huyeyuka kwa moto mdogo, kabla ya nyuzi joto 200, ilhali fedha safi haiyeyuki mpaka moto ufike nyuzi 960 na kidogo. Tone la risasi likiachwa juu ya fedha kisha vikapelekwa motoni pamoja, risasi haiungui ikaondoka. Huzama ndani ya fedha, ikaila, ikaacha vishimo, na fedha yote inayoizunguka huharibika. Basi alichukua msumeno mwembamba, akakata pande zote mbili za kiungo kile, akakitupa kando kipande kizima. Tulipomwambia kwamba anapoteza fedha nyingi, alijibu kwamba anayehurumia kipande hupoteza bangili.

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi tumesimama juu ya mimbari tukieleza jinsi shilingi ya haramu inavyoharibu mali ya halali iliyochanganyika nayo. Tulikuwa tukilisema kwa ulimi. Siku ile tuliliona kwa macho, na tuliyeona naye alikuwa fundi asiyekuwa na cheti hata kimoja cha elimu ya dini.

Vipande safi vikatiwa katika chungu kidogo cha kuyeyushia, pamoja na unga mweupe wa kusafishia madini. Mzee akatukabidhi bomba la moto wa gesi. Fedha ilijikunyata, ikawa nyekundu, kisha kwa ghafla ikakusanyika kuwa tone moja linalotikisika na kung'aa kama kioo. Tukaimimina katika kalibu, ikatoka mche mfupi mnene kama kidole cha mtoto.

Hapo ikaanza kazi ya nyundo na fuawe. Tulidhani kwamba kufua ni kupiga kwa nguvu. Baada ya mapigo kadhaa mche ukawa mgumu, nyundo ikawa inaruka, nasi tukazidisha nguvu. Mzee akatushika mkono. Akatueleza kwamba fedha kadiri inavyopigwa huwa ngumu, na anayeendelea kuipiga huipasua. Hapana budi irudishwe motoni, ipate joto mpaka iwe na wekundu hafifu, ipozwe, ndipo ilainike na kukubali tena nyundo. Kupiga, kurudisha motoni, kupoza, kupiga tena. Tulifanya hivyo mara saba au nane. Mwingine akitaka uzi wa fedha huupitisha katika chamburo, tundu baada ya tundu, kutoka pana kwenda jembamba, na hapo pia ni lazima autie moto kila baada ya matundu machache.

Wazazi na walimu wa madrasa tulitafakari somo hili. Ni mara ngapi mtoto ameshakuwa mgumu kwa viboko vyetu, nasi tukaongeza viboko, kumbe alihitaji kurudishwa kwanza kwenye joto la huruma?

Tukapima kidole, tukapinda, tukatia lihamu ya fedha, ambayo ni fedha iliyochanganywa na madini mengine ili iyeyuke mapema kidogo kuliko pete yenyewe. Pete ilipotoka motoni ilikuwa nyeusi kama mkaa, na mioyo yetu ikaanguka. Mzee akaitumbukiza katika maji ya moto yenye shabu, nayo baada ya muda ikatoka nyeupe. Kisha tupa, kisha msasa, kisha kitambaa. Tangu asubuhi mpaka Adhuhuri tulipata pete moja iliyopinda upande, isiyopachikwa kito, ambayo haingeuzika popote. Vidole vyetu vilikuwa na malengelenge mawili, na masizi yalifika kwenye ndevu.

Tulipotaka kulipa ada kama wale wageni wawili, mzee alikataa, akisema hapokei malipo kutoka kwa mtu wa elimu. Tulimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama alivyopokea Ibn Majah, na wala hakuwatoa mashekhe katika agizo hilo. Akacheka, akapokea.

Tulipokwenda kutawadha kwa ajili ya Adhuhuri tulisugua mikono kwa sabuni, lakini masizi hayakutoka yote. Tukasimama katika safu na mikono myeusi. Hapo, katika swala, tukamkumbuka kijana wa Omurushaka.

Masizi katika nyumba ya Abu Sayf

Ndugu zangu Waislamu, dini yetu haikuwanyamazia wahunzi na masonara. Imam Bukhari, katika kitabu cha biashara ndani ya Sahihi yake, ametenga mlango maalumu unaomhusu sonara na mwingine unaomhusu mhunzi. Humo amepokea habari ya Sayyidna Ali (R.A), ambaye alipotaka kumwoa Bibi Fatima (R.A) alipanga kwenda na sonara kukusanya majani ya idhkhiri ili awauzie masonara, na apate gharama za karamu ya harusi yake. Na Mtume (S.A.W) alipoharamisha kukatwa mimea ya Makka, ami yake Abbas (R.A) aliomba idhkhiri ivuliwe katika katazo hilo, kwa kuwa wafuaji wanaihitaji, naye Mtume akaivua. Tazama jinsi haja ya mafundi ilivyozingatiwa hata ndani ya Haram.

Khabbab bin Al-Aratt (R.A), miongoni mwa watu wa mwanzo kusilimu, alikuwa mhunzi wa Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai ujira wake, akaambiwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akakataa. Wanachuoni wa tafsiri wanaeleza kwamba tukio hilo ndilo sababu ya kuteremka aya ya 77 ya Suratu Maryam. Deni la fundi liliteremshiwa Qur'ani! Wangapi kati yetu leo tunakwenda msikitini tukipita kwa njia ya nyuma, ili tusionekane na fundi anayetudai pesa za geti?

Manabii pia walifanya kazi za mikono. Nabii Zakaria (A.S) alikuwa seremala, kama alivyopokea Muslim. Ama Nabii Dawud (A.S), Allah anatueleza katika Suratu Sabai, aya ya 10 na 11, kwamba alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze mavazi ya vita na apime sawasawa katika kuunga vikuku vyake. Mfalme na Nabii aliamrishwa kupima kiungo! Na Mtume wetu (S.A.W) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna chakula bora alichopata kula mtu kuliko kile kinachotokana na kazi ya mikono yake, na akatutajia Dawud kuwa mfano.

Lakini habari iliyotuvunja moyo zaidi ni ya Abu Sayf (R.A), mhunzi wa Madina. Mtume (S.A.W) alipojaaliwa mwanawe Ibrahim, alimkabidhi kwa mke wa mhunzi huyu amnyonyeshe. Anas (R.A) anasimulia, katika mapokezi ya Muslim, kwamba Mtume alikuwa akienda kumwona mwanawe, nao wakakuta Abu Sayf anavukuta moto wake na nyumba imejaa moshi. Anas akatangulia mbio kumwambia asimamishe kazi kwa kuwa Mtume amefika. Kisha Mtume akamwita mtoto, akamkumbatia.

Tulikuwa tumeisoma hadithi hii tangu ujana wetu, na tumeifundisha mara nyingi katika mlango wa huruma kwa watoto na mlango wa kulia kwa msiba. Hatukuwahi kuutazama ule moshi. Kiumbe bora kuliko wote alimwacha mwanawe alelewe katika nyumba ya masizi, naye akaingia humo kumbusu. Sisi tukaona binti wa Chonyonyo ni bora mno kwa nyumba kama hiyo.

Tumesahau tulikotoka

Ajabu ni kwamba dharau hii imeota katika ardhi ambayo heshima yake yote ya kale ilitokana na wafua vyuma. Wazee wetu waliwaita abahesi. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, na matokeo ya utafiti wao yalipotangazwa mwaka 1978 wasomi wengi duniani walistaajabu kwa ufundi uliokuwamo. Hapa kwetu Karagwe, pale Bweranyange palipokuwa makao ya Mtawala Ndagara na mwanawe Rumanyika, fahari ya ufalme ilikuwa ni vyombo vya chuma na shaba vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, ikiwemo mikuki.

Mzungu Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, Waislamu kutoka pwani walikuwa wamemtangulia. Walikuwa na kituo chao cha biashara pale Kafuro, wakileta nguo, shanga na nyaya za shaba, na kuondoka na pembe za ndovu. Kwa hiyo Uislamu ulipoingia Karagwe ulikuta mhunzi anaheshimiwa, wala hakuna aya wala hadithi iliyokuja kumshusha. Tuliomshusha ni sisi, tulipoanza kudhani kwamba kazi ni ile inayofanyika mezani tu.

Hukumu ambazo familia inapaswa kuzijua

Kwa kuwa tumezungumzia fedha, ni vyema tukumbushane mambo machache ambayo watu hutuuliza mara kwa mara. Neno letu fedha limetokana na fidha ya Kiarabu, yaani madini haya meupe, na likaja kuwa jina la pesa zote kwa sababu dirhamu za kale zilikuwa za fedha. Hivyo hukumu zake zinaugusa mfuko wa kila mtu.

Kwanza, mwanamume anaruhusiwa kuvaa pete ya fedha. Mtume (S.A.W) alikuwa na pete ya fedha iliyonakshiwa jina lake, aliyoitumia kupigia mihuri barua za wafalme, na katika mapokezi ya Muslim kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Baada yake aliivaa Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman (R.A), mpaka ikatumbukia katika kisima cha Arisi pale Madina isionekane tena. Ama dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu na ni halali kwa wanawake. Basi wale vijana wanaovishwa pete za dhahabu siku za uchumba wakumbushwe kwa upole, na wazazi wao zaidi.

Pili, vyombo vya kulia na kunywea vya dhahabu na fedha ni haramu kwa wanaume na wanawake. Lakini kiraka kidogo cha haja hakina ubaya, kwani bakuli la Mtume (S.A.W) lilipopasuka liliungwa kwa fedha, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Anas.

Tatu, jihadharini na riba kwa sonara. Akina mama wengi hupeleka bangili kuukuu, wakapewa mpya ya madini yaleyale yenye uzito mwingine, wakaongeza pesa kidogo. Fedha kwa fedha, na dhahabu kwa dhahabu, hubadilishwa uzito kwa uzito, mkono kwa mkono. Njia salama ni kuuza ile ya zamani, ukapokea pesa zako mkononi, kisha ukanunua mpya kwa mkataba mwingine. Au mpe sonara madini yako mwenyewe akufulie, nawe umlipe ujira wa kazi yake.

Nne, nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wanachuoni wengi wa sasa wanazikadiria kuwa gramu 595, na zaka yake ni asilimia 2.5 kila mwaka wa Kiislamu unapotimia. Pambo halali analolivaa mwanamke kwa kawaida halina zaka kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii, na lina zaka kwa Imam Abu Hanifa. Anayetaka kutoka katika khitilafu na atoe.

Tano, ghushi ni haramu. Fedha safi ni laini mno, ndiyo maana masonara huichanganya na shaba, na kipimo kinachojulikana zaidi ni sehemu 925 za fedha katika 1,000. Hakuna ubaya kuchanganya. Ubaya ni kuficha. Watu wa Kyerwa wanaochimba bati wanajua jinsi madini hayo yanavyoweza kung'aa meupe, na asiyejua akayadhania kuwa fedha. Mwenye kuuza bati au shaba iliyopakwa kwa jina la fedha, faida yake ni ile risasi iliyotupwa kando na mzee wa Lamu: itaila mali yake kutoka ndani.

Kiungo kilichokosewa

Tuliporudi Chonyonyo, jambo la kwanza tulilolifanya ni kwenda kwa baba wa binti. Tukamwambia kwamba ushauri tuliompa ulikuwa mbaya, na kwamba Mtume (S.A.W), katika hadithi ya Tirmidhi, ameagiza anapokuja mtu ambaye dini na tabia yake vinaridhisha, aozwe, la sivyo hutokea fitina na ufisadi katika ardhi. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Sheikh, nilikujia ili unizuie. Mbona hukunizuia?"

Hatukuwa na jibu. Tukamuuliza kama binti mwenyewe aliulizwa. Akainamisha kichwa. Hili lilikuwa kosa la pili, nalo lilikuwa letu sote, kwani watu sita tulikaa tukaamua jambo la mtu wa saba ambaye sheria inataka ridhaa yake.

Kisha tukaenda Omurushaka. Kijana alikuwa katika kibanda chake, ameinamia geti. Alituona, akazima mashine, akavua miwani, akatusalimia na kutafuta kiti cha kutukalisha. Tukamwomba radhi. Alisema ameshasamehe tangu siku ile, na tulimsadiki. Ila aliongeza neno moja: "Sheikh, vijana wa karakana zote hapa walisikia ulivyosema. Wengine waliacha kuja darsani. Hao nao utawaambia nini?"

Makala hii, ndugu msomaji, ndiyo jibu letu kwake, baada ya kuwa tumelisema pia juu ya mimbari.

Alipotuona tunaizungusha pete kidoleni, aliomba aitazame. Tukamsimulia habari ya Lamu, naye akacheka kwa furaha kusikia kwamba tuliungua vidole. Akaisogeza pete kwenye mwanga, akapitisha ukucha wake ndani, pale pande mbili zinapokutana.

"Hapa lihamu haikuingia vizuri, Sheikh," akasema. "Kwa nje inaonekana imeshikana, lakini kwa ndani ina ufa. Ikipata kishindo itafunguka."

Alisema kweli. Tulikuwa tumeivaa majuma mawili bila ya kuuona ufa ule, na yeye aliuona kwa kupitisha ukucha mara moja tu.

Mpaka tunapoandika haya, binti ameulizwa na amesema neno lake mbele ya mama yake, na wazee wa pande mbili wamekutana mara moja. Yaliyobaki yako mikononi mwa Allah, na tunawaomba wasomaji mtuombee kheri. Pete bado tunaivaa. Kijana alijitolea kutuungia upya, tukamwambia tutakubali kwa sharti moja tu, kwamba apokee ujira wake.

Wazazi wenzetu, tuwafunze watoto wetu elimu ya vitabu, na pia tusiwaonee haya wakishika nyundo, randa, mwiko au sindano. Mwenye deni la fundi na alipe kabla ya swala ya Ijumaa ya leo. Na mwenye posa mkononi atazame dini na tabia, kabla ya kutazama mikono.

Tunamwomba Allah aturuzuku kilicho halali, atutakasie mali zetu, awabariki mafundi wetu na awasamehe wanaowadharau, na sisi tukiwa wa mwanzo kuomba msamaha huo. Amin. Wabillahi tawfiq.